Sindano za Kichina, mitishamba na vidonge vya presha: nianze na kipi, niache kipi?

"Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 44. Kiuno kinaniuma huu mwaka wa pili. Maumivu hayashuki mguuni, ila yananizidi nikikaa muda mrefu au nikiinama. Tena nina kipandauso tangu usichana. Zamani kilikuwa kikinijia mara mbili tatu kwa mwezi: kichwa kinapwita upande mmoja, natapika, sitaki mwanga. Mwaka huu ni kama kichwa hakiniachi. Asubuhi nyingi naamka nacho, nameza diklofenaki na parasetamoli, kinatulia, kesho yake kimerudi. Nina presha pia, natumia amlodipini na hidroklorothiazidi. Mwenzangu kazini alinipeleka kwa tabibu wa tiba ya Kichina. Alinishika mapigo mikono yote miwili, akatazama ulimi wangu, akasema figo zangu ni dhaifu na ini limekwama. Anataka kunichoma sindano mara 12, na ninywe mitishamba ya kuchemsha kwa miezi mitatu. Amesema pia vidonge vya presha nivipunguze kidogo kidogo kwa sababu ndivyo vinavyozichosha figo. Nimechanganyikiwa. Je, sindano hizi zinasaidia kweli au ni imani ya mtu? Haziwezi kuniambukiza magonjwa? Figo zangu zimeharibika? Na vidonge niviache?"

Marahaba, dada yangu, na pole sana kwa maumivu ya muda mrefu namna hiyo.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lisiloweza kusubiri. Vidonge vya presha usiviache wala usivipunguze, hata kwa wiki moja ya majaribio. Presha ya juu mara nyingi haiumi mahali popote. Mtu anajisikia vizuri huku mishipa ya moyo, ya ubongo na ya figo ikiendelea kuumia. Na kuhusu figo hasa, presha isiyodhibitiwa, pamoja na kisukari, ni miongoni mwa sababu kubwa za figo kufa duniani kote. Kwa hiyo ushauri uliopewa umegeuzwa juu chini: vidonge hivyo ndivyo vinavyozilinda figo zako. Kama kuna kinachokukera, labda miguu inavimba kwa sababu ya amlodipini, au hidroklorothiazidi inakukojoza kila saa, mrudie daktari aliyekuandikia. Zipo dawa nyingine nyingi za kubadilisha, na mojawapo nitaigusia baadaye kwa sababu inaweza kukufaa mara mbili.

Maswali yako mengine inabidi tuyatenganishe. Umepewa vitu vitatu vilivyofungwa pamoja: maelezo ya ugonjwa wako, sindano, na mitishamba. Wengi huvipokea vyote au huvikataa vyote. Mimi nakuomba uvipime kimoja kimoja, kwa sababu faida zake hazilingani, na hatari zake ndiyo kabisa hazifanani.

Tuanze na hilo la figo dhaifu, maana naona limekutia hofu. Sidhani kama tabibu huyo alikusudia kukudanganya. Alizungumza kwa mujibu wa elimu aliyosomea. Tiba ya jadi ya Kichina imejengwa juu ya maandiko ya kale, na kitabu chake cha msingi, Huangdi Neijing, kina umri wa takriban miaka 2,000. Humo, figo si kiungo cha kuchuja damu peke yake. Ni fungu la kazi nyingi za mwili: nguvu, uzazi, mifupa, kuzeeka, na zaidi ya yote kiuno, ambacho kitabu hicho kinakiita makao ya figo. Ini nalo limepewa hasira, msongo wa mawazo, na kazi ya kusukuma qi, yaani nguvu ya uhai, ipite vizuri mwilini. Sasa aje mtu aseme kiuno kinamuuma mwaka wa pili, amechoka, kichwa kinapwita upande mmoja. Tabibu wa elimu hiyo karibu lazima aseme figo ni dhaifu na ini limekwama. Ameyasikia malalamiko yako, akayapanga kwenye mafungu anayoyajua. Lakini figo zako hajazipima.

Figo hupimwa kwa damu, kuangalia kreatinini, yaani taka ambayo figo hutakiwa kuitoa, na kwa mkojo, kuangalia kama protini inavuja. Ni vipimo vya kawaida, na mtu mwenye presha anastahili kuvifanya angalau mara moja kwa mwaka. Kama mwaka umepita hujapima, pima sasa, na omba wakuangalizie potasiamu pia kwa sababu hidroklorothiazidi huishusha. Sikuambii hivi kwa sababu ya ulimi wako. Nakwambia kwa sababu ya diklofenaki.

Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni na wenzake, hupunguza damu inayofika kwenye figo. Huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, huipandisha presha, na huzipunguzia nguvu dawa za presha, hasa za kukojoza kama uliyonayo. Kumeza mara moja moja si balaa. Kuimeza asubuhi nyingi kwa mwaka mzima, juu ya presha na kidonge cha kukojoza, ni jambo jingine. Katika yote uliyoandika, kinachozitishia figo zako ni hicho, na nasikitika kwamba hakuna aliyekwambia mapema.

Diklofenaki hiyo hiyo inanipeleka kwenye kichwa chako. Soma tena maneno yako: unaamka nacho, unameza, kinatulia, kesho yake kimerudi. Hivyo ndivyo wanavyosimulia wagonjwa wa hali ambayo watu wengi hawaijui, yaani kichwa kinachotokana na dawa za kutuliza kichwa. Mtu mwenye kipandauso akimeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, mfumo wa maumivu kwenye ubongo unakuwa mwepesi kuwaka. Kwa dawa zenye kodeini, dawa za mchanganyiko na zile za triptani, ambazo ni dawa maalumu za kipandauso, mpaka ni siku 10 tu. Kidonge kinatuliza kichwa cha leo na kukiandaa cha kesho. Kipandauso kilichokuwa cha mara mbili tatu kwa mwezi kinageuka kuwa cha kila siku, jinsi ulivyoeleza.

Siwezi kulithibitisha hilo bila kukuona. Lakini kama ndivyo lilivyo, hakuna sindano wala mtishamba utakaokuponya huku ukiendelea kumeza kila asubuhi. Dawa hiyo lazima ikatwe, na ikikatwa, kichwa huzidi kwanza kwa siku kadhaa, pengine hata wiki mbili, ndipo kitulie. Watu wengi hushindwa hapo kwa sababu hawakuonywa. Fanya hivyo ukiwa na daktari, ili akupangie cha kukushikilia katika siku hizo ngumu, na aanzishe dawa ya kuzuia kipandauso. Hapo ndipo ile dawa ya kufaa mara mbili inapoingia: propranololi na kandesatani ni dawa za presha ambazo pia huzuia kipandauso. Mwulize daktari wako kama mojawapo inaweza kuingia kwenye mpango wako. Propranololi haimfai mwenye pumu, na kandesatani haimfai anayetarajia mimba, kwa hiyo usichague mwenyewe.

Haya, sindano sasa.

Naona zinakutia wasiwasi, basi nikueleze zilivyo. Sindano ya akupancha, yaani hii tiba ya sindano za Kichina, si bomba. Haina tundu, haipitishi dawa. Ni uzi wa chuma cha pua wenye unene wa takriban robo ya milimita, wakati sindano ya kawaida ya chanjo hufika nusu milimita au zaidi. Tabibu huiweka ndani ya kijibomba kidogo cha plastiki kilichosimamishwa juu ya ngozi, akaigonga kwa kidole mara moja, ikaingia. Unachosikia ni kama mbu amekugusa, na mara nyingine husikii kitu. Kisha hukitoa kijibomba, akaisukuma ndani kidogo na kuizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada. Hapo hujitokeza hisia ya pekee: uzito, ganzi inayosambaa, au msuli kuvuta kwa ndani. Wenyewe huiita deqi, nao huitafuta kwa makusudi. Kwa kiuno utalala kifudifudi, sindano zitakaa pande mbili za uti wa mgongo, nyuma ya magoti na kwenye vifundo vya miguu. Kwa kichwa hupendelea chini ya kisogo, upande wa juu wa wayo, na ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Utaachwa umelala kimya dakika 20 hadi 30. Usiende na njaa, na mara ya kwanza usikubali kuchomwa ukiwa umekaa, kwa sababu wapo wanaozimia, hasa waoga wa sindano.

Nadharia ya zamani inasema mwilini kuna mifereji ya qi yenye vituo 361, na Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2008 mwongozo wa mahali kila kituo kilipo ili matabibu wasitofautiane. Hata hivyo, madaktari wa upasuaji na wataalamu wa maumbile ya mwili hawajaiona mifereji hiyo kama kitu cha kushikika, tofauti na mishipa ya damu au ya fahamu. Lakini usikimbilie kusema basi ni uongo mtupu. Sindano inayoingia kwenye ngozi na msuli inapita katikati ya mishipa ya fahamu, na mishipa hiyo hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongoni. Tangu mwaka 1965, watafiti wa maumivu Melzack na Wall walipoeleza kwamba uti wa mgongo una lango linaloweza kufungwa au kufunguliwa kwa maumivu, tunajua kwamba hisia moja inaweza kuizima nyingine. Majaribio ya miaka ya 1970 yalionyesha kwamba ukimpa mtu naloksoni, dawa inayozuia kazi ya morfini, nafuu ya akupancha hupungua. Hiyo ni dalili kwamba mwili ulikuwa ukitoa vitulizo vyake wenyewe, endofini. Na mwaka 2010 watafiti waliochunguza panya waliona adenosini, kemikali inayotuliza mishipa ya maumivu, ikiongezeka pale pale sindano ilipochomwa na kuzungushwa. Huhitaji kuamini qi ili sindano ikufae.

Je, inafaa kiasi gani? Hapa naomba uvumilivu wako, kwa sababu jibu la haki ni refu.

Maumivu ni kitu kigumu kukipima, kwa kuwa mtu akihudumiwa vizuri na kutarajia nafuu, maumivu hupungua kwelikweli. Ndiyo maana watafiti walibuni sindano bandia. Zipo zenye ncha butu inayorudi ndani ya mpini, mgonjwa akadhani imeingia, na zipo za kweli zinazochomwa juu juu mahali pasipo kituo chochote. Kisha wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu. Utafiti mkubwa wa Ujerumani uliotolewa mwaka 2007 ulichukua watu 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno, kama wewe. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 47.6 kwa akupancha kamili, asilimia 44.2 kwa ile ya bandia, na asilimia 27.4 kwa matibabu ya kawaida ya dawa, mazoezi na tiba ya viungo.

Zitazame namba hizo kwa makini. Anayeipenda akupancha atakuonyesha kwamba imeyapita matibabu ya kawaida kwa mbali. Asiyeipenda atakuonyesha kwamba ya kweli na ya bandia zilikaribiana mno. Wote wawili wanasema kweli. Baadaye watafiti walikusanya takwimu za wagonjwa 20,827 kutoka tafiti 39 za maumivu sugu ya mgongo, shingo, bega, goti na kichwa. Matokeo yalitoka mwaka 2018: akupancha ya kweli huizidi ya bandia, lakini kwa kiasi kidogo, na huzidi kwa kiasi kikubwa zaidi kutofanyiwa akupancha kabisa. Nafuu hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baadaye.

Kwa kipandauso hali ni nzuri zaidi kidogo. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yanaonyesha kwamba katika kila watu 100 waliochomwa sindano, 41 walipungukiwa na siku za kichwa kwa nusu au zaidi, dhidi ya 17 kati ya 100 waliobaki na matibabu ya kawaida tu. Dhidi ya sindano za bandia, walikuwa 50 kwa 41 katika kila 100. Na zilipolinganishwa na dawa za kuzuia kipandauso, sindano hazikushindwa, na waliozitumia walipata madhara machache. Uingereza, taasisi ya NICE inayoandika miongozo ya matibabu iliipendekeza akupancha kwa maumivu ya kiuno mwaka 2009, ikaiondoa mwaka 2016. Kwa kuzuia kipandauso imeendelea kuikubali: hadi mara 10 katika wiki 5 hadi 8. Ukisikia madaktari wawili wenye sifa wanabishana juu ya jambo hili, usishangae. Wamesoma namba zile zile.

Mimi nasimama hapa: kwa kipandauso chako, akupancha ni njia halali ya kujaribu, hasa kwa mtu anayehitaji kupunguza vidonge vya maumivu. Kwa kiuno, ni msaidizi. Ikikutuliza kwa wiki chache, wiki hizo zitumie kuanza kujongea, kwa sababu mgongo wa aina yako, usio na mshipa uliobanwa, hupona kwa kutumiwa. Tembea kila siku. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini, inua makalio polepole mpaka mapaja na kiwiliwili vinyooke, hesabu hadi tano, shusha. Anza na mara nane, ongeza kadiri unavyozoea. Usikae zaidi ya nusu saa bila kusimama. Haya yanachosha kuyasikia, najua, lakini yakifuatwa hudumu kuliko sindano na kuliko kidonge.

Na kama ni imani ya mtu? Sehemu ni hiyo, na wala si aibu. Kulala kimya nusu saa, kusikilizwa na mtu asiye na haraka, kutarajia kupona, yote hayo hugusa mfumo ule ule wa ubongo unaopandisha na kushusha maumivu. Aliyepata nafuu kwa sindano ya bandia hakuwa akijifanya mgonjwa. Ila imani haishushi presha kwa mwaka mzima wala haizuii kiharusi. Kwa hiyo tabibu yeyote anayekwambia sindano zitakuponya presha, kisukari au saratani, amevuka mpaka wa kile ushahidi unachoweza kubeba. Nje ya maumivu, mahali ambapo ushahidi umesimama vizuri ni kichefuchefu, kwa mfano baada ya upasuaji. Kituo kinachotumika kipo ndani ya mkono, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye kifundo cha mkono, kati ya kano mbili. Kukibonyeza kwa kidole gumba nako husaidia baadhi ya watu, na kwa kuwa kipandauso chako huja na kutapika, unaweza kujaribu nyumbani bila hatari yoyote.

Kuhusu kuambukizwa: hatari ipo pale sindano zinaporudiwa, na homa ya ini aina ya B imewahi kusambazwa hivyo. Sindano lazima iwe ya kutumika mara moja. Ione pakiti ikifunguliwa mbele yako, na uone sindano zilizotumika zikitupwa kwenye kopo gumu la vitu vyenye ncha. Ukiambiwa huwa zinachemshwa, vaa viatu uondoke. Kwa tabibu aliyesomea na anayezingatia usafi, madhara mengi ni madogo. Ufuatiliaji wa wagonjwa 229,230 nchini Ujerumani ulikuta kwamba asilimia 8.6 walipata dhara fulani, wengi wao kuvia damu kidogo au kuvuja tone pale ilipochomwa. Lipo dhara moja kubwa ingawa ni nadra: sindano ya mabega, kifua au juu ya mgongo ikizama mno inaweza kutoboa pafu. Katika ufuatiliaji ule ilitokea kwa watu wawili. Ukiona pumzi inakata au kifua kinachoma saa chache baada ya kuchomwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na kabla hajaanza, mwambie kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama una mimba, au kama una kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, kwa sababu baadhi yao huunganisha sindano na umeme.

Kwenye mitishamba sauti yangu inabadilika.

Siidharau. Dawa mseto ya malaria ambayo imeokoa maisha ya watu wasiohesabika imetoka huko huko. Mtafiti wa China, Tu Youyou, alikuwa akisaka dawa ya malaria katika maandiko ya kale, akakuta maelekezo ya tabibu Ge Hong ya karne ya 4 kuhusu mmea wa qinghao: uloweke kwenye maji, kamua, kunywa. Hayakutaja kuchemsha. Tu Youyou akawaza kwamba huenda joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa, akaitoa kwa etha, kimiminika cha kemikali, kwa joto dogo, na kufikia mwaka 1972 atemisinini, kiini cha dawa mseto, ilikuwa imepatikana. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Lakini angalia kilichofanyika katikati: dawa ilitenganishwa na mmea, ikapimwa kwa wanyama, kisha kwa watu, dozi ikajulikana, madhara yakaandikwa. Pakiti utakayopewa haijapita njia hiyo. Ina mimea kadhaa kwa pamoja, na huna namna ya kujua ni mingapi, ya kiasi gani, wala kama ndiyo iliyokusudiwa.

Hilo la mwisho si wasiwasi wa bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya kupunguza unene huko Brussels, Ubelgiji, iliwapa wateja wake vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja uitwao fangji ulibadilishwa na mwingine wa jina linalofanana, wenye sumu ya asidi ya aristolokiki. Watu zaidi ya 100, karibu wote wanawake, figo zao ziliharibika. Wengi waliishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Walikwenda kupunguza uzito tu.

Kwako wewe yapo mambo mawili ya karibu zaidi. Mzizi mtamu uitwao gancao ni miongoni mwa vitu vinavyotiwa mara nyingi sana kwenye michanganyiko ya Kichina, huwekwa ili kuipatanisha mimea mingine. Ukinywewa kwa wingi au kwa muda mrefu, mzizi huo huufanya mwili ushikilie chumvi, huipandisha presha na huishusha potasiamu. Wewe tayari una presha, na tayari unatumia kidonge kinachoshusha potasiamu. Miezi mitatu ya mchanganyiko huo inaweza kukuletea misuli kulegea na moyo kupiga ovyo, na ikiwa wakati huo umepunguza vidonge, hali inakuwa ya hatari kweli. Jambo la pili ni dawa za hospitali zinazofichwa ndani ya mitishamba. Wachunguzi katika nchi mbalimbali wamekuta steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, na dawa za jamii ya diklofenaki ndani ya bidhaa zilizoandikwa kuwa ni mimea mitupu. Mgonjwa wa kiuno anapona ndani ya siku mbili na kushangilia, kumbe amemeza deksamethasoni, mojawapo ya steroidi hizo. Nafuu ya ghafla namna hiyo kutoka kwenye kitu cha asili iwe sababu ya kushtuka.

Kwa hiyo mitishamba hiyo, kwa hali yako, nakushauri usinywe. Kama ulishaanza, acha, na mpelekee daktari wako pakiti aione. Ukiona macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa mweusi kama chai, au uso na miguu vinavimba, usingoje miadi.

Utaratibu wako basi ninauona hivi. Wiki hii ukapime presha, kreatinini, potasiamu na mkojo, umweleze daktari ukweli wote kuhusu idadi ya vidonge vya maumivu, mpange namna ya kuviacha. Anza leo kuandika kwenye daftari siku unazoumwa kichwa na siku unazomeza kidonge. Wiki nne zinatosha kuonyesha picha. Sindano unaweza kuanza wakati huo huo wa kuacha diklofenaki, hapo ndipo zinaweza kukusaidia zaidi. Usikubali kujifunga kwa mara 12 tangu mwanzo. Jaribu sita, kisha fungua daftari. Kama siku za kichwa hazijapungua hata kidogo, acha bila kujilaumu.

Ila kuna dalili ambazo zikitokea hakuna kusubiri sindano wala daftari. Kwa mgongo: ganzi kati ya mapaja na sehemu za siri, kushindwa kukojoa au mkojo na choo kutoka vyenyewe, mguu kukosa nguvu, homa, kukonda bila sababu, au maumivu yanayokuamsha usiku na hayatulii kwa mkao wowote. Kwa kichwa: kile kinacholipuka ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuuona, kichwa chenye homa na shingo ngumu, kuchanganyikiwa, uso kupinda, mkono kuishiwa nguvu, au kushindwa kutamka maneno. Hayo ni ya hospitali, na ni ya saa hiyo hiyo.

Tabibu wako nenda umweleze kwa heshima: unataka sindano bila mitishamba, na vidonge vya presha vinabaki mikononi mwa daktari wako. Mwulize alisomea wapi na kwa muda gani, na kama amesajiliwa. Akikubali masharti hayo, mnaweza kufanya kazi pamoja. Akisema bila mitishamba hachomi sindano, mshukuru na utafute mwingine.